Saa ya Kula ya Diwani

Nyumbani kwa Bibi Fransiska, mtaa wa Katandala, chakula cha jioni kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna mtu anayekula huku mwenzake amekaa bure. Kila jioni Salome alichochea moto jikoni, Bibi akasonga ugali wa ulezi, na Benjamini, mdogo wake Salome, akapitisha maji ya kunawa. Mama yao aliporudi kutoka kwenye genge lake la mboga, mara nyingi alimkuta jirani au mpita njia ameshashika tonge. Bibi hakujali ni nani. Aliyekutwa na chakula alinawa akala.

Ndiyo maana Diwani alipoletwa katika nyumba ile, hakuna aliyejiuliza atakula saa ngapi.

Diwani alikuwa mjusi. Si wale wadogo wanaotembea darini, bali mjusi mnene wa mitini, mrefu kama mwiko, mwenye kichwa cha buluu na magamba makavu. Watu wengi humwogopa mjusi wa aina hiyo wakidai ana sumu, na wala hana. Sadoki, aliyesoma darasa la sita pamoja na Salome, alimwokota nyuma ya nyumba yao baada ya rundo la matofali kuporomoka na kumvunja mguu wa nyuma. Mguu ulipona ukiwa umepinda. Mjusi asiyeweza kupanda mti wala kukimbiza wadudu hana maisha marefu porini, kwa hiyo Sadoki alimtengenezea sanduku la mbao lenye wavu juu, akawa anamlisha mwenyewe. Jina la Diwani alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya mazoea yake ya kutikisa kichwa juu chini kama mtu anayekubali kila hoja mkutanoni.

Mwezi wa Juni, shule zilipofungwa, babu yake Sadoki aliugua huko Mbeya, na familia nzima ikapanga kwenda kumwona. Jioni ya kuamkia safari Sadoki alibisha hodi kwa Bibi Fransiska akiwa amekumbatia sanduku.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetubebea nini?"

"Mgeni, Bibi."

Bibi alichungulia kwenye wavu, akarudi nyuma haraka. "Mgeni gani huyu? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe atalishikaje?"

Watoto walicheka. Kisha Sadoki akamvuta Salome pembeni na kumweleza taratibu, kama mzazi anayemwacha mtoto mchanga. Panzi wawe wadogo, wasizidi upana wa kichwa cha Diwani, na waondolewe miguu ya nyuma, maana ina miiba inayoweza kukwama kooni. Nyenje na mchwa anawapenda pia. Mchicha akatiwe vipande vidogo. Maji yasiwekwe kwenye bakuli, bali yanyunyizwe ukutani mwa sanduku, naye atalamba matone. Wadudu wasitoke kwenye shamba lililopigwa dawa.

"Nikirudi nimkute," Sadoki alisema. Hakuwa akitania. "Nimemlea mwenyewe, Salome."

"Utamkuta," Salome alimjibu.

Salome alikuwa mtoto wa kuaminika, na kazi aliifanya. Kila siku yeye na Benjamini walikwenda upande wa Milanzi kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, wakafunua mabua ya mahindi na kukamata panzi na nyenje kwenye kopo. Sanduku aliliweka ndani jikoni, kwenye kona, mbali na paka wa jirani, kuku na mwewe. Tena Juni ya Sumbawanga si ya kuchezea. Upepo wa asubuhi huwafanya hata watu wazima wajifunike blanketi wakienda kuteka maji. Salome aliona kona ile ya jikoni ndiyo mahali salama kuliko pote.

Jioni ya kwanza, ugali ulipowekwa mezani, Bibi aliinua macho. "Na mgeni wenu? Anatutazama tu? Mpeni chakula naye ale na watu."

Salome alimpa Diwani panzi wake. Aliwadaka mmoja baada ya mwingine kwa ulimi, na Benjamini akampigia makofi. Kuanzia hapo ikawa desturi. Watu wakinawa, na Diwani anawekewa. Bibi, aliyekuwa akimwogopa, akaanza kumwambia "karibu" kabla ya kumega tonge.

Lakini baada ya siku chache Diwani alipunguza kula. Alidaka mdudu mmoja akafumba macho. Jioni iliyofuata hakudaka hata mmoja. Salome aliwaacha wadudu ndani ya sanduku akitumaini kwamba njaa ikimshika usiku atawala. Kila kesho yake aliwakuta wanarukaruka, naye akaongeza wengine.

Jumapili Sadoki alipiga kwenye simu ya Mama.

"Mambo, Salome?"

"Poa. Babu anaendeleaje?"

"Bado amelazwa. Hata kuongea anaongea kwa shida." Sauti ya Sadoki ilikuwa ya chini. "Diwani anakula?"

Salome alitazama sanduku pale konani. "Anakula vizuri sana. Jana kamaliza panzi wote."

Benjamini, aliyekuwa akichambua maharage, aliinua kichwa akamtazama dada yake. Salome alijiambia kwamba hakutaka kumwongezea mwenzake mzigo juu ya mzigo, na hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo hakujiambia, ni kwamba aliona aibu. Alikuwa ameahidi, na ahadi ilikuwa inamponyoka.

Katikati ya wiki Diwani alikuwa mweusi kama masizi. Kichwa cha buluu kilikuwa kimefifia. Tumbo lilivimba, na kila alipoguswa alifumbua jicho moja kidogo na kulifumba tena. Bibi aliweka mikono kiunoni akafikiri.

"Mtoto akikataa kula haachwi hivihivi," alisema. "Ninyi wote nimewanywesha uji kwa kiganja, na leo mnanishinda kwa kula."

Akapika uji mwepesi wa ulezi, akaupoza. Salome alimshika Diwani kwa mikono miwili, na Bibi akamfungua mdomo kwa ncha ya kijiko, akadondosha. Uji uliingia kidogo, kisha ukatokea puani. Diwani alitikisika mwili mzima, akapiga chafya dhaifu. Bibi alikitupa kijiko kwenye karai.

"Hapana. Nitamuua," alisema. "Huyu si mtoto wa mtu, nami sijui mambo yake. Sadoki mwenyewe anasemaje?"

Salome alimkumbatia Diwani kifuani.

"Dada alimwambia Diwani anakula vizuri," Benjamini alisema.

Bibi hakufoka. Alifuta midomo ya mjusi kwa pindo la kitenge chake, akamrudisha sandukuni. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Mimi naenda kulala. Wewe fikiri."

Asubuhi Salome alipofunua wavu alikuta nyenje wawili wamejibandika kwenye mkia wa Diwani, wanautafuna. Palikuwa na kidonda kibichi chenye damu. Diwani hakuwa na nguvu hata ya kuwakung'uta. Salome aliwatoa kwa vidole, akawatupa nje, akaketi chini akalia kwa uchungu. Wadudu aliowaacha yeye mwenyewe kama chakula walikuwa wamemgeuza Diwani kuwa chakula chao.

Mama alimkuta pale akiwa tayari kwenda gengeni. Alisikiliza habari yote, akatoa simu mfukoni na kumpa.

"Naomba umpigie wewe, Mama."

"Mimi sikusema naye Jumapili. Aliyesema naye ni wewe."

Sadoki alipokea mara moja. "Vipi, Salome? Mbona mapema?"

"Sadoki, Diwani anaumwa." Salome alimeza mate. "Hajala siku nyingi, na nyenje wamemtafuna mkia. Jumapili nilikudanganya."

Salome aliibana simu sikioni.

"Kwa nini?" Sadoki aliuliza.

"Niliona aibu."

Sauti ya Sadoki ilikuwa imekauka. "Unamweka wapi?"

"Jikoni, konani."

"Unamlisha saa ngapi?"

"Jioni. Tunapokula sisi."

"Jioni? Jua je? Anaota jua saa ngapi?"

Salome aligeuka kuitazama ile kona. Tangu Diwani aingie nyumba ile, jua hakuwa ameliona.

"Salome, mjusi hana joto lake mwenyewe," Sadoki alisema. "Anaazima la jua. Sisi kwetu sanduku linakaa kibarazani, linapigwa na jua tangu asubuhi. Akishapata moto, rangi inarudi, ndipo nampa chakula. Akila, anaota tena, tumbo lifanye kazi. Ukimpa jioni akalala na baridi, chakula kinakaa tumboni kinaoza." Akasita. "Sikukuambia. Kwetu ni kitu cha kila siku, nilidhani unajua. Lakini ungeniambia Jumapili, ningekuuliza Jumapili."

"Nifanye nini?"

"Mtoe juani sasa hivi. Mwekee na tofali alalie. Usimpe kitu chochote mpaka apate choo. Na wadudu wakibaki, usiwaache humo." Akakata simu bila kuaga.

Salome alilibeba sanduku hadi kwenye ukuta unaotazama mashariki, akaweka tofali ndani, akaketi kando yake na fimbo ya kufukuzia kuku. Upepo ulikuwa mkali, lakini ukuta uliukinga, na jua lilipopanda tofali likapata moto. Diwani hakusogea. Mchana ulipita hivyo, naye yuko vilevile. Jioni Salome alimrudisha ndani, akala ugali wake bila kuusikia ladha.

Kwa Bibi, sheria mpya ya kutompa Diwani chakula jioni ilikuwa ngumu. "Naona vibaya," alinung'unika. "Nile, naye ananitazama?" Mwishowe alichukua kitenge akafunika sanduku lote. "Sasa amelala. Aliyelala hasubiriwi," alisema, akanawa.

Siku ya pili juani, Salome aliona tumbo la Diwani likipanda na kushuka kwa nguvu zaidi. Siku iliyofuata alijiburuta mwenyewe juu ya tofali, akatandaza mwili kama nguo iliyoanikwa, na weusi ukaanza kumtoka. Kila mtu aliyerudi nyumbani alikuwa na swali moja tu: Diwani amepata choo? Mama aliuliza, Benjamini aliuliza, hata jirani aliyekuja kuomba moto aliuliza. Diwani alipopata choo hatimaye, Benjamini alikimbia hadi gengeni kumpasha Mama habari mbele ya wateja. Wateja walicheka mpaka Mama naye akacheka.

Ndipo Salome alipompa panzi mmoja mdogo, jua likiwa limeshapanda. Diwani alimtazama kwa muda, akamdaka. Salome hakuongeza wa pili siku hiyo. Kila jioni alimtumia Sadoki ujumbe kwa simu ya Mama: kidonda cha mkia bado, amekula mmoja, leo amekataa, leo amekula watatu. Mwanzoni Sadoki hakujibu. Baadaye akaanza kujibu kwa neno moja, "Sawa," kisha kwa mawili.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Sadoki alirudi. Babu yake alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Alikuja moja kwa moja kwa Bibi Fransiska, na kabla hajagusa wavu, Salome alisema, "Mkia una kovu. Ni wale nyenje niliowaacha."

Sadoki alimtoa Diwani, akapitisha kidole juu ya kovu. Mjusi alikuwa amekonda, lakini kichwa kilikuwa cha buluu na macho yalikuwa wazi.

"Nilikukasirikia sana siku ile," alisema.

"Najua."

Bibi aliacha kupepeta ulezi, akawaita wote wawili wakae karibu naye.

"Sadoki, wewe ulisahau kumwambia mwenzako habari ya jua," alisema. "Na mimi nilimlisha mgeni kwa saa ya nyumba yangu, nikadhani ukarimu ni uleule kwa kila kiumbe. Mgeni ukimkaribisha chakula, muulize kwanza anakula nini na anakula lini. Hayo yalikuwa makosa ya kutojua, na kutojua hutibiwa kwa swali moja tu. Lakini Salome, uongo wako ndio ulioziba njia ya swali hilo. Uliona aibu wewe, akaumwa yeye. Ukipewa amana ya kiumbe asiyeweza kusema, mdomo wako ndio mdomo wake. Siku ukidanganya, umemziba yeye mdomo."

Salome aliinamisha kichwa. "Nimesikia, Bibi. Nisamehe, Sadoki."

Sadoki alimrudisha Diwani sandukuni, akafunga wavu, akasimama. Alifika mlangoni akageuka.

"Desemba tutakwenda tena kumwona Babu," alisema. "Nikikupigia, utaniambia?"

"Nitakuambia. Hata likiwa baya."

"Basi Diwani atakuja kwenu."