Picha Iliyorudi Saa Nane

Maiti ilikuwa imepiga magoti ndani ya kabati la mtambo wa analojia, mkono wa kulia umenyooka kuelekea mlangoni. Kiganja kilikuwa kimeungua hadi kuwa cheusi. Inspekta alichuchumaa, akatazama, akasimama haraka. Visu na marungu alishavizoea. Umeme alikuwa akiuogopa tangu utotoni, wala hakuona haya kukiri.

Marehemu alikuwa fundi wa kituo hicho cha kurushia matangazo. Wenzake walimwita Waya, kwa wembamba wake.

"Mtambo huu ulizimwa lini?"

"Siku tatu zilizopita, afande," alijibu Fundi Mkuu. "Nchi nzima imehamia dijitali. Waya alikuja jana kuufungua. Nadhani umeme uliobaki ndani ndio uliomuua."

"Jana alikuwepo nani mwingine?"

"Mimi. Na mlinzi, kule getini."

Mfukoni mwa marehemu palipatikana ufunguo mdogo mwekundu. Mlinzi ndiye aliyeueleza: kila fundi ana kufuli lake, lenye rangi yake. Akitaka kuingia ndani ya mtambo hulifunga kwanza kwenye swichi kuu, upande wa pili wa ukuta, mtu asije akawasha.

"Hata mtambo uliokwisha kuzimwa?"

"Hata huo. Waya, afande? Yule alikuwa mwoga wa umeme kukushinda wewe!"

Ufunguo upo, kufuli halipo.

Alivuka barabara hadi kwa mama mshonaji, ambaye runinga yake kuukuu ya chogo ilikuwa ikionyesha chenga tupu.

"Huna king'amuzi, mama?"

"Ningekuwa nacho ningekaa naangalia chenga, mwanangu?" Akasogeza kitambaa chini ya sindano. "Ila jana picha ilirudi. Saa nane mchana, msomaji wa habari huyo! Nikapiga vigelegele, nikajua wametuhurumia. Dakika mbili tu, ikatetemeka, ikapotea."

"Una hakika ni saa nane?"

"Kwani habari za mchana ni saa ngapi?"

Daktari wa polisi alikadiria kifo kati ya saa saba na saa tisa. Na umeme uliobaki hausomi habari.

Inspekta alirudi kituoni. Maiti ilikuwa imeshaondolewa.

"Fundi, nataka kuingia pale alipofia."

"Ingia tu, afande. Hakuna umeme."

Aliingia. Nafasi ilikuwa finyu, imejaa vumbi. Feni za mtambo mpya wa dijitali zilivuma hadi hakuweza kusikia pumzi zake mwenyewe. Jasho lilimtiririka mgongoni. Akaanza kuhesabu, akapotea kwenye kumi na tatu, akaanza upya. Ndipo chuma kikagonga chuma ukutani. Kikagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Alitoka mbio. Fundi Mkuu alikuwa ameung'ang'ania mpini wa swichi kwa mikono miwili, na konstebo aliyejificha nyuma ya mlango amemkaba. Kwa hofu yake Fundi Mkuu hakuwa ameziona pingu ambazo Inspekta alizifunga kwenye mpini ule kabla ya kuingia.

Inspekta aliketi sakafuni, akahoji akiwa hapohapo.

"Kufuli la Waya liko wapi?"

"Nililikata. Nimelitupa."

"Kwa nini?"

"Mama yangu, afande. Kumbukumbu zimemtoka. Yule msomaji wa habari anamwita kwa jina la marehemu kaka yangu. Asipomwona mchana, hali chakula. Kwetu ni bondeni, king'amuzi nimeweka, dijitali haifiki. Tangu tuzime mtambo analia, anauliza nani kamzika mwanawe bila kumwambia."

"Ukaona kufuli, ukalikata."

"Nilidhani Waya amelisahau. Saa nane huwa amekwenda kula. Niliita mara moja, feni zikameza sauti."

"Na leo? Mimi umeniona nikiingia."

Fundi Mkuu aliuachia mpini.

"Leo nilijua ninachofanya. Niliogopa, afande. Ukinichukua mimi, nani atamlisha?"

Inspekta alimwashiria konstebo alegeze mkono.

"Jana picha ilipotokea dada wa kazi alinipigia simu," Fundi Mkuu alisema, machozi yakimtoka. "Akaniambia, Mama anakula. Nikasimama pale kwenye swichi, nacheka peke yangu. Dakika mbili nzima nilicheka, na Waya yumo ndani."