Akaunti ya Fundi wa Zamani

Fasta alifika ofisini saa kumi na moja jioni, watu wakitoka. Shule aliiacha kidato cha pili, na hakuchoka kuwakumbusha hilo wenye digrii kila walipomwita kuwaokoa. Kazi ya leo aliiona ya kitoto: seva kuukuu ya chumba cha chini, ipandishwe kwenye toleo jipya la mfumo. Saa moja awe hospitali. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, na jioni hiyo walikuwa wanaruhusiwa.

"Unaingia kwa jina gani?" mama wa usafi alimuuliza pale kwenye ngazi.

"La fundi wa zamani. Kadi ya jina lake hii hapa, na nywila wameibandika kwenye mashine."

"Omba jina lako, mwanangu. Yule alishuka kufanya kazi hiyohiyo. Tulikuta viatu tu."

"Kama ni saizi yangu, nitunzie."

Mama hakucheka.

Mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake. Tii. Seva yenyewe ndiyo iliyouendesha: unagusisha kadi, inaandika jina na saa, kufuli inaachia. Mafundi wote walipita kwa jina lile moja. Kufungua akaunti mpya kungemla nusu saa, na Fasta hakuwa na nusu saa ya kuchezea.

Akaingia. Akaanzisha kazi.

Asilimia kumi... thelathini... Feni zilizokuwa zikivuma zikapunguza mwendo. Zikapanda, zikashuka, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Harufu ikaja. Jasho la siku nyingi, la nguo iliyokaukia mwilini.

Asilimia sitini. Kioo kikaandika: *Jina hili limo ndani mara mbili. Toleo jipya linapokea mtu mmoja.*

"Kuna mvivu huko juu hajafunga kompyuta yake," akanong'ona. Akatafuta mwenzake yuko mashine gani.

Mashine hiihii. Kibodi hiihii. Ameingia miaka kumi na moja iliyopita.

Hajatoka.

Vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe. Taratibu, kimoja kimoja.

*Nimechoka. Niachie jina nitoke.*

Fasta akacheka, kicheko kikatoka chembamba. Hata hivyo mdomo wake haukuwahi kushindwa na mtu, na vidole navyo vilikuwa hivyohivyo. Akaandika: *Toka basi, kaka. Nani kakushika?*

Asilimia mia.

Taa zikazima. Feni zikanyamaza. Kitu cha baridi kikampita begani... kisha hatua za miguu mitupu, zikienda mlangoni.

Tii.

Mlango ukafunguka. Kabla hajaufikia, ukajifunga.

Taa ziliporudi alikimbilia mlango, akagusisha kadi. Taa nyekundu. Akagusisha tena. Kidirisha cha kufuli kikaandika: *Umeshatoka, saa 12:20 jioni. Chumba hakina mtu.*

Akarudi kwenye mashine. Ilikuwa kwenye toleo jipya, safi kabisa, na haikumpokea tena kwa jina lile. Akapiga mlango kwa ngumi. Akapiga kwa kiti. Mbali, juu ya ngazi, akamsikia mama wa usafi:

"Pole na kazi, fundi. Umemaliza mapema."

Mtu akamjibu. Sauti ilikuwa ya Fasta. Na kicheko.

Simu haikushika mtandao. Alizunguka chumba kizima ameiinua juu, kona hadi kona, hadi saa mbili na robo, mstari mmoja ulipotokea karibu na dari. Akapanda kiti.

"Mke wangu, nimefungiwa kazini. Usitoke hospitali, sawa? Nakuja."

Mkewe akanong'ona, kama anayemficha mtu sauti yake.

"Wewe ni nani?"

"Mimi, jamani. Mimi."

"Mume wangu alisema simu ameisahau kazini. Tuko nyumbani. Yuko chumbani na mtoto."

"Mchukue mtoto. Sasa hivi."

"Nimemwomba mara tatu," akasema. "Amejifungia naye."