Sandale Nyekundu ku Nyumba ya Karatasi

"Ghislaine, leo usikuye ku chantier ya nyumba yetu. Fundi anapakaa mbao vernis, harufu itakuumiza kichwa."

"Sawa, chéri," Ghislaine akamujibu muchumba wake Chrispin ku telefone. Ndoa yao ilikuwa ifungwe Jumamosi.

Ile nyumba Chrispin aliichora baada ya kuona ku telefone nyumba ndogo za Japani, zinazofuata makao ya wakulima wao wa zamani: mbao tupu, milango ya karatasi ya kusukuma, hakuna kiti, viatu vinabaki kizingitini.

Mama yake Ghislaine alicheka sana.

"Mukwe, sisi tulipigana tuinuke kutoka chini, wewe unaturudisha chini?"

"Maman, ni sawa nyumba ya babu, ila ya kisasa."

Basi maman akasuka kirago cha ile nyumba kule kisiwani Idjwi, miezi mitatu. Akasema: "Bibi-arusi ndiye akilalie wa kwanza."

Sasa, siku ile ya telefone, huruma ikamushika Ghislaine. Fundi atakula nini? Akabeba bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, akashuka mpaka ku chantier, Ibanda, mvua inamunyeshea.

Hakukuta fundi, wala harufu ya vernis. Kizingitini kulikuwa viatu vya Chrispin, na pembeni yake sandale nyekundu. Alizijua. Yeye mwenyewe alimununulia Laurette, rafiki yake wa kumusindikiza kanisani.

Nyuma ya karatasi, Laurette anauliza:

"Na akikuya?"

"Ule? Kitu nikimwambia, anaitika tu. Lala vizuri, kirago cha maman wa Idjwi ni laini."

Wakacheka wote wawili.

Siku zote alivua viatu pale. Leo akasukuma mulango, akaingia na matope yake yote, akakanyaga kirago mpaka katikati.

"Ghislaine! Viatu!" Chrispin akapiga kelele, anavuta shuka.

"Chrispin, wewe unaona uchafu wa viatu?"

Laurette akaanza kulia. "Dada yangu, ni shetani alitupitia..."

"Shetani? Mbona viatu vyake sijaviona ku mulango?"

Akavua pete, akaiweka juu ya matope. Bugali akarudi nayo.

Njiani akaandika: "Maman, ndoa hakuna. Kirago wamekilalia, yeye na Laurette."

Jibu likafika mbio: "Kuya nyumbani, mutoto wangu. Kiache kule, kinanuka."

Mabinti wetu, mwanaume akikukataza kufika ku nyumba mutakayokaa, enda siku ile ile.