Vigingi vya Ukingoni

Kila Jumatano baada ya mapumziko, wanafunzi wa darasa la sita walitoka nje kuchora ramani ya korongo lililokuwa nyuma ya shule. Mwalimu wao wa jiografia aliwataka wachore walichokiona kwa macho yao na kuwauliza majirani habari zake. Kuchora walichora, ila kuuliza waliona haya.

Miongoni mwao alikuwemo msichana aliyebandikwa jina la Mpelelezi. Huyo hata akisalimiwa vizuri, hujiuliza anatakiwa kutoa nini. Siku hiyo alimwona fundi mwashi, jirani wa shule, amechutama karibu na korongo akipima kwa kamba. Mbele yake palikuwa na vigingi vitano vyekundu. Alipowaona watoto, alikunja kamba akaondoka mbio.

"Umeona?" Mpelelezi alimnong'oneza rafiki yake. "Anamega kiwanja cha shule."

"Ajenge nyumba ukingoni mwa shimo?"

"Ndivyo wanavyoanza."

Jumanne iliyofuata Mpelelezi alimwona fundi tena. Uchungu wa shule yake ukampanda. Jioni aliving'oa vigingi vyote, akavificha kichakani, akarudi nyumbani akijiona shujaa.

Kesho yake mwalimu aliingia darasani na fundi mwashi. Uso wa fundi ulikuwa umemshuka.

"Kila mwaka nachomeka kigingi kimoja, hatua ishirini kutoka ukingoni," alisema. "Cha kwanza kimebakiza hatua nne. Korongo linakuja, wanangu. Jiko langu lilikuwa kule." Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea katikati ya korongo, mahali penye hewa tupu. "Leo mchana mhandisi anakuja kuona vigingi, aamue kama ukuta utajengwa kabla korongo halijafika darasani kwenu. Nimevikosa."

"Ni yule mchunga mbuzi anayepita hapo korongoni," mwanafunzi mmoja alidakia. "Siku zote namshuku."

Wengi waliitikia. Mpelelezi alitazama dirishani. Nje mawingu yalikuwa yametanda, na mvua ikinyesha ingefukia matundu ya vigingi. Akinyamaza, mchunga mbuzi angebeba lawama na darasa lingebaki bila ukuta. Alisimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilidhani fundi anatuibia kiwanja. Matundu bado yapo, nitawaonyesha."

Walitoka wote, wakavitoa vigingi kichakani, wakarudisha kila kigingi kwenye tundu lake, na matone ya kwanza yakawakuta wakikishindilia cha mwisho. Mhandisi alikuja na mwavuli, akapima mara mbili, akaagiza ukuta uanze wiki hiyohiyo.

"Shikamoo, fundi," Mpelelezi alisema kwa aibu. "Lakini mbona siku ile ulitukimbia?"

"Marahaba. Nilikuwa nimeacha saruji inakauka," fundi alijibu. "Nakaa hapo ng'ambo ya uzio, binti yangu. Ungeniuliza tu."

Mwalimu aliwatazama wanafunzi wote. "Kuchunguza si kosa, ndiyo maana nawaleta hapa," alisema. "Lakini uliza kwanza kabla hujang'oa cha mtu. Na ukikosea, sema mapema, kama mwenzenu alivyosema, wakati kosa bado linarekebishika."