Fundi Anayepima Kuanzia Miguuni

Wifi yangu ni fundi cherehani, na siku ile ilianza kama siku nyingine. Mimi nafua nepi uani, yeye yuko sebuleni anachora sare za shule kwa kipande cha sabuni. Chaki humkohoza, hajawahi kuiingiza ndani. Ghafla mashine ikanyamaza. Akasema kichwa kinamgonga, ajilaze kidogo.

Hakuinuka tena.

Shingo ilimkaza. Mwanga wa dirisha ulimchoma macho mpaka akalia, basi mama mkwe akatundika blanketi dirishani. "Kilichomwingia hakipendi mwanga," alisema. "Wamemroga mafundi wenzake kwa wivu." Tukawa tunamlisha uji gizani mchana kweupe, tukipapasa mdomo ulipo.

Humo gizani ndimo alimoanza kuninong'oneza.

"Wifi, mwambie huyo fundi aache."

"Fundi gani?"

"Anayenipima. Jana alikuwa magotini. Leo yuko kiunoni."

Nilimshika miguu. Ilikuwa ya baridi. Mwanangu, ambaye saa zile hulala mgongoni kwangu kama gunia, alikuwa macho. Nilipogeuza kichwa, kwenye upenyo wa blanketi nilimwona amegeuza shingo kuelekea pembe ya kitanda. Hakulia. Alikuwa anafuata kitu kwa macho, polepole, kutoka miguuni kwenda juu.

Nilipokunja nguo za wifi nikakuta kopo lake la dawa za kufubaza virusi. Limejaa.

"Nilichoka, wifi," alisema. "Kila siku, kila siku. Nikaona nimeshapona."

Mimi nachoka na nepi tu.

Nikamwita jirani mwenye gari. Alikwepa kila shimo, akavua koti lake kumfunika macho. Mama mkwe alipanda nyuma.

Hospitalini daktari alitueleza taratibu. Kinga ya mwili imeshuka, kwa hiyo inaonekana fangasi wameingia kwenye utando wa ubongo, na maji ya kichwani yanausukuma ubongo. Achomwe sindano mgongoni, maji yapunguzwe, yapimwe, ndipo ijulikane apewe dawa gani. Akichelewa, atakufa.

"Mgongo hapana," mama mkwe alisema. "Wanaotobolewa mgongo hawarudi. Jirani yetu mwingine alitobolewa asubuhi, jioni tukamlilia."

"Pengine alifikishwa amechelewa, mama," daktari alisema.

"Wewe umri wako ni wa mjukuu wangu. Utaniambia nini?"

Daktari hakukasirika. Alimsogezea kiti.

Wifi alikuwa hajasema kitu tangu tumpakie. Sasa midomo ikacheza, macho yamefumbwa.

"Mama. Amefika shingoni."

"Nani, mwanangu?"

"Bado kichwa tu. Mama, nguo gani hupimwa mpaka kichwani?"

Nilimwona mama mkwe akijishika shingo yake mwenyewe.

"Mtoboeni," akasema.

Nesi alimlaza wifi ubavu, akamkunja magoti, akamkumbatia hivyo hivyo kama anambembeleza mtoto. "Pole. Usitikisike. Niko hapa." Maji yalitoka kwa nguvu. Baadaye wifi akafumbua macho, akaulizia chai. Mama mkwe akaenda kulia nje, ili binti yake asimwone.

Sindano ile alichomwa tena na tena, na dawa za mshipani zikawa zinamtetemesha. Lakini amerudi. Amekonda, mimi wakati mwingine ananiita kwa jina la marehemu dada yake, nami naitika. Dawa za virusi alirudishiwa baadaye. Namkumbusha kila jioni, yeye anasinzia, mimi nasinzia, mtoto ndiye yuko macho.

Juzi nilitoa lile blanketi dirishani. Mwanga ukaingia. Nikavuta godoro nilianike.

Kwenye ubao wa kitanda kulikuwa na mistari myeupe. Mmoja miguuni. Mmoja magotini. Kiunoni. Kifuani. Wa mwisho shingoni. Imenyooka, kama ya mtu anayeijua kazi.

Nikajiambia ni wifi mwenyewe, alijichorea kwa homa, na kile kipande chake cha sabuni. Nikalowesha kitambaa. Nikausugua ule wa shingoni, nikasugua tena.

Haukutoa povu.