Somo la Ng'ombe Darasa la Pili

Fardosa alikuwa akikamua ng'ombe. Binti yake Sabdio alimshikia ndama, huku akizungumza. Sabdio alikuwa na miaka minane, na kuzungumza ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote. Alimweleza mama yake habari za kuku, habari za mawingu, na habari za jirani aliyegombana na mbuzi wake mwenyewe.

"Sabdio, hata ndama amechoka kukusikia," mama yake alisema. "Nenda shule."

Sabdio alicheka, akavaa sare yake, akashika njia.

Alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba ile kwenda shule. Watu wake ni Waorma, wafugaji wa nyika za Tana. Mvua za El Nino zilipokwisha, ugonjwa ulikuja ukaua ng'ombe wengi. Baba yake, Mzee Farah, alikaa akafikiri sana. Mwishoni akasema, "Basi. Mmoja asome." Sasa ulikuwa mwaka 1999, na Sabdio alikuwa amefika darasa la pili.

Shule ya Msingi Ukingoni ilikuwa karibu na mto, si mbali na Kulesa. Watoto wengi pale walikuwa Wapokomo, watoto wa wakulima. Waorma walikuwa wachache. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa Florence, msichana Mpokomo kutoka Wenje. Florence alipenda watoto na alipenda kuimba. Kungoja tu ndiko alikoshindwa.

Kuna jambo lilimsumbua. Uwanjani alimsikia Sabdio akipiga domo na kucheka. Akiingia darasani, anakuwa kimya. Ukimuuliza swali, anatazama miguu yake.

Siku moja Florence alikwenda semina ya walimu mjini Garsen. Huko aliambiwa, "Mfundishe mtoto kwa vitu anavyovijua kwao." Alirudi na furaha tele.

"Kumbe kosa ni langu!" alijiambia. "Kila siku ni hesabu za maembe na ndizi. Mtoto wa mfugaji ndizi zinamhusu nini?"

Jumatatu alichora ng'ombe mkubwa ubaoni. Ng'ombe mwenyewe alifanana na mbuzi mgonjwa, na watoto walicheka sana. Florence naye alicheka. Somo lilianza vizuri.

"Leo hatuhesabu ndizi," alisema. "Leo tunahesabu ng'ombe! Sabdio, simama. Tuambie, baba yako ana ng'ombe wangapi?"

Sabdio alisimama. Akatazama chini.

"Usiogope, mama. Ni wangapi?"

Kimya.

"Hesabu kwa vidole, tutakusaidia. Wanafika ishirini? Wanapita?"

Elvis, mtoto mmoja machachari wa dawati la mbele, alinyoosha mkono. "Mwalimu, huyo hajui kuhesabu!"

Darasa zima liliangua kicheko. Florence aliwanyamazisha, akamwambia Sabdio akae. Lakini machozi yalikuwa yameshaanza kushuka.

Jioni ile Sabdio hakuzungumza na mtu. Mama yake aliona upesi, maana kimya cha Sabdio kilikuwa kitu kigeni nyumbani. Alipombembeleza, mtoto alieleza yote. Mzee Farah alisikia akaweka kikombe chake chini.

"Mwalimu aliuliza ng'ombe wangu ni wangapi? Mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba."

"Wengine wamekufa mbele ya macho yangu. Sasa hawa waliobaki anawatakia nini?" Aliinuka kwa hasira. "Hutarudi huko. Kiangazi kikianza tutahamia malisho ya chini, kule delta, na wewe utakwenda nasi. Shule imekwisha."

Sabdio alilia mpaka akalala.

Siku iliyofuata nafasi yake darasani ilikuwa tupu. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu Florence aliingia chumba cha walimu akaketi kwa uzito.

"Nilitaka kumfurahisha," alisema. "Sasa nimemfukuza."

Mwalimu mkuu, Nehemiah, alitikisa kichwa. Naye alikuwa Mpokomo, mtu mzima mwenye huruma, lakini mwepesi wa kusema. "Usijisumbue, Mwalimu Florence. Ndivyo walivyo hao watu wa ng'ombe. Shule hawaitaki."

Kando ya dirisha alikaa Mwalimu Bule wa darasa la sita, akisahihisha. Aliweka kalamu chini.

"Mwalimu mkuu, mimi pia ni mtu wa ng'ombe," alisema. "Na niko hapa nasahihisha insha za watoto wenu tangu asubuhi."

Nehemiah alishtuka. "Aa, Mwalimu Bule! Samahani. Wewe nilikusahau."

"Hapo ndipo penye shida. Mworma mmoja akifanya vizuri, mnasahau kwamba ni Mworma. Akikosa mmoja, mnatukumbuka sote."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini maneno yaliingia. Nehemiah alikuna kichwa, akakubali kwamba amesema vibaya. Kisha Bule akamgeukia Florence.

"Hebu nieleze. Ulimuuliza nini huyo mtoto?"

Florence alieleza yote, kuanzia semina mpaka machozi. Bule alijifunika uso kwa mikono miwili akacheka.

"Wewe Florence! Umeuliza idadi? Mbele ya darasa zima? Kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Tunaona kuwahesabu ni kuwaletea balaa. Hata mimi sijui baba yangu ana wangapi, na sitamuuliza."

"Mbona hiyo ni ajabu?"

"Ajabu? Haya. Nikija kwenu Wenje, nisimame uani nianze kuhesabu watoto wa mama yako kwa kidole. Mmoja, wawili, watatu. Mama yako atanifanya nini?"

Florence alifikiri kidogo. "Atakufukuza na mwiko," alikiri. "Tena wa moto." Wote watatu wakacheka.

"Lakini kwenye semina walituambia tutumie mambo ya kwao," Florence alisema.

"Na walisema kweli. Lakini mambo hayo ulimuuliza nani? Ulileta ng'ombe unayemjua wewe, sio anayemjua Sabdio. Halafu ulimsimamisha peke yake. Darasa zima linamtazama, yeye ajibu kwa ajili ya Waorma wote. Hata mimi ningenyamaza. Mtoto amekuja kusoma kama wenzake, hakuja kuwa balozi wetu."

"Sasa nifanye nini?"

"Twende kwao. Lakini twende kuuliza, siyo kufundisha."

"Nendeni leo," Nehemiah alisema haraka. "Madarasa yenu nitayashika mimi."

Walifika jioni, jua likiwa bado juu kidogo. Fardosa aliwatandikia mkeka, akawapa chai ya maziwa mengi. Mzee Farah alikuja akaamkiana nao vizuri. Mgeni ni mgeni, hata ukiwa na hasira naye. Aliuliza habari za amani, za mvua, za njiani. Chai ilipokwisha, alimgeukia Florence, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mwalimu, mimi nauliza wewe. Wewe nataka nini na ng'ombe yangu?"

"Mzee, sitaki kitu," Florence alijibu. "Nilitaka mtoto afurahi. Nilikosea. Sikuuliza kwanza, nikamwaibisha mbele ya wenzake. Nimekuja kuomba radhi. Kwetu mtu akihesabu watoto wa mama yangu kwa kidole, mama anamfukuza na mwiko. Na mimi nimekuja kufanya jambo lile lile kwako."

Farah hakulijua neno mwiko. Bule alimweleza kwa Kiorma, akaonyesha na jinsi ya kupiga. Farah alicheka ghafla, mpaka akakohoa.

"Mama yako ni mama mzuri sana," alisema.

Wakati huo ng'ombe walikuwa wakirudi. Vumbi lilitangulia, kisha kengele, kisha pembe. Sabdio alikimbia akasimama kwenye mlango wa zizi. Ng'ombe waliingia kwa kusukumana. Florence aliona hakuna aliyehesabu. Wa mwisho alipoingia, Sabdio aligeuka.

"Baba, yule mweusi wa shingo nyeupe hayupo! Mama yake ameingia, dada yake ameingia, yule mwekundu anayependa kutembea naye ameingia. Yeye bado!"

Mchungaji alirudi nyuma mbio, akamkuta ng'ombe kichakani anakula bila wasiwasi. Florence alibaki ameduwaa.

"Sabdio, umejuaje?"

Sabdio alisahau kuona haya. Alieleza nani ni mtoto wa nani, nani hutangulia na nani hupenda nyuma. Alieleza kwa kirefu sana. Florence alisikiliza mpaka mwisho, na hiyo kwake ilikuwa kazi kubwa. Kisha alimgeukia baba.

"Mzee, nauliza. Watoto wakicheza darasani mchezo wa kujua nani hayupo, ni vibaya?"

"Hiyo si vibaya," Farah alisema. "Hiyo ndiyo kuchunga."

"Na Sabdio arudi?"

Farah alimtazama binti yake. "Arudi mpaka siku ya kuhama. Hapo nitaona."

Kesho yake Sabdio alikuwa darasani. Florence hakumsimamisha, wala hakumtaja. Aliwaambia watoto wote, "Kesho kila mmoja alete kitu kidogo kutoka kwao. Kitu anachokipenda mwenyewe."

Wakaleta. Kulikuwa na ndoana, mbegu za mpunga, kamba ya kufungia ndama, kifuniko cha kibuyu, kengele, gamba la kobe. Florence alichagua vitu tisa, akavipanga mkekani. Watoto wakafumba macho, yeye akaficha vingine mgongoni.

"Fumbueni! Nini hakipo?"

Elvis alikodoa macho mpaka akachoka. Sabdio aliinua mkono mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule.

"Ndoana, mbegu na kengele! Vilikuwa tisa, umeficha vitatu, vimebaki sita!"

Florence alitamani kupiga vigelegele. Alijizuia, akaandika ubaoni: tisa, toa tatu, ni sita.

"Kumbe unajua kuhesabu!" Elvis alisema.

"Najua," Sabdio alijibu. "Ni ng'ombe tu ndio siwahesabu."

Elvis alitazama chini. "Basi nisamehe. Nilikucheka bure." Sabdio alimsamehe, kisha akamshinda tena. Kuanzia siku hiyo walikaa kundi moja. Elvis alimfundisha aina za mpunga, naye Sabdio alimfundisha rangi za ng'ombe. Kelele zao zilimfanya Florence akumbuke kwa hamu kidogo kile kimya cha zamani.

Walimu nao walibadilika. Katika mkutano wao walikubaliana kwamba mtoto hatasimamishwa kusemea kabila lake. Kabla ya kufundisha jambo la nyumbani kwa watu, watawauliza wenyewe kwanza. Na asiye na neno leo, asilazimishwe. Apewe nafasi kesho tena.

Kiangazi kikafika. Nyasi zilikauka, na Florence alianza kutazama njia kila asubuhi kwa hofu. Siku moja, katikati ya somo, Mzee Farah alisimama mlangoni. Florence aliweka chaki mezani.

"Mwalimu, kesho ng'ombe nahama," Farah alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nahama. Mama yake nahama." Alimtazama binti yake. "Huyu hapana. Huyu nakaa na nyanya yake hapa. Nasoma."

Sabdio alipiga kelele ya furaha, akamrukia baba yake mbele ya darasa zima. Florence alianza kusema asante. Na Farah alikuwa bado hajamaliza. Alisogea pembeni. Nyuma yake walisimama watoto wengine, wakubwa kwa wadogo, wamevaa nguo safi, macho yamewatoka.

"Hawa ni ya ndugu zangu," alisema. "Nao nabaki. Tafuta wao mahali ya kukaa."

Madawati hayakutosha. Mwalimu mkuu Nehemiah alikimbia ofisini kwake, akarudi amebeba benchi lake kichwani, akaliweka mbele kabisa. Siku hiyo yote alifanya kazi zake za ofisi akiwa amesimama, na kila aliyempa pole alimwambia hajachoka hata kidogo.