Neno Alilopewa Dobi

“Na mimi uta… utaniiga lini?”

Dobi, jirani wa chumba cha tatu, alimuuliza Chiriku swali hilo asubuhi moja, huku akimkabidhi sare ya shule iliyokuwa bado na joto la pasi. Aliuliza kwa utani tu. Wapangaji wote wa nyumba ile walikuwa wameshaigwa: mwenye nyumba na kikohozi chake kinachotangulia hodi, fundi viatu anayezungumza na misumari mdomoni, hata mama yake Chiriku, mfagizi wa zahanati, anavyovua viatu akirudi kutoka kazini kana kwamba anang’oa mhogo.

“Wewe siwezi, mama,” Chiriku alijibu. “Wewe nakupenda.”

Dobi alicheka, akarudi kwenye meza yake. Maneno hayakumpungukia, ila yalikwama njiani. Kigugumizi alizaliwa nacho. Shuleni kilimzuia kunyoosha mkono hata alipojua jibu, na ukubwani akachagua kazi ya kufanya kimya. Kila alfajiri alisali, akawasha mkaa, akaanza kunyoosha nguo za watu. Sare ya Chiriku aliinyoosha bila kuombwa, kwa sababu mama wa mtoto huyo aliondoka nyumbani kabla jua halijachomoza.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Jioni, baada ya kuosha vyombo, alikwenda kwenye ukumbi wa mtaa kufanya mazoezi na kundi la watoto wachekeshaji. Kundi hilo lilifundishwa na seremala mmoja ambaye wote walimwita Fundi. Vichekesho vyao vilikuwa vya papo kwa papo. Hakuna kilichoandikwa wala kukaririwa. Mtazamaji hutaja neno moja, na waigizaji hutunga mchezo pale pale jukwaani.

“Kanuni ni moja,” Fundi alikuwa akisema. “Mwenzako akikupa kitu, usikikatae. Pokea, halafu ongeza. Akikwambia umekalia ng’ombe, usimwambie hili ni benchi. Muulize ng’ombe kama umemuumiza.”

Mwaka ule ukumbi ulipata ugeni. Lilipangwa tamasha la siku tatu, na makundi mawili ya watu wazima yalitoka miji mingine kuja kucheza pamoja na makundi ya pale. Mkuu wa wageni alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning’inia kwa kamba shingoni, na kundi lake lote lilimwita Shangazi. Alitangaza kwamba siku ya pili angewatazama watoto, kisha angechagua mmoja wa kusimama na kundi lake katika onyesho la kufunga tamasha.

Chiriku aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Tatizo alilijua yeye peke yake. Kuiga aliweza, maana mtu wa kuiga unamtazama wiki nzima kabla ya kumcheza. Lakini akirushiwa neno asilolitegemea, kichwa chake kilikuwa kitupu kama sufuria iliyosuguliwa. Mwenzake wa jukwaani, msichana mwembamba waliyemwita Kijiti, hakuwa na mbwembwe, ila hakuwahi kukwama. Alisikiliza tu alichoambiwa, akajibu hicho hicho.

Basi Chiriku akatafuta njia ya mkato. Alitunga kwa siri mchezo wa daktari wa meno anayeogopa midomo ya watu, akaufanyia mazoezi hadi akaujua wote. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kulitaja neno hilo kutoka kwa watazamaji. Alihitaji mtu asiyeweza kutoboa siri. Akaenda kwa Dobi.

“Utasimama tu, mama, useme ‘daktari wa meno’. Ukisimama, mwongozaji atakuona.”

Dobi aliiweka pasi juu ya kigae. “M-mbele ya watu wote?”

“Maneno matatu tu.”

“Na huo si u… udanganyifu?”

“Si udanganyifu, ni msaada. Mwenyewe unajua ninavyoitaka ile nafasi.”

Dobi aliinua tena pasi, akaipitisha kwenye kola moja. Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kusema lolote kwenye mkusanyiko. Hata sala alisali kimoyomoyo. Lakini mtoto alikuwa ameomba, na mtoto huyo alimwita mama. Akakubali.

“Jambo moja,” Chiriku akamwambia. “Usikae mpaka neno lipokelewe. Ukikaa mapema watamsikiliza mtu mwingine.”

Siku nne Dobi alifanya mazoezi akiwa kazini. Aligundua kwamba mkono wake ukienda na pasi, mbele na nyuma, neno linapita. Mbele, daktari. Nyuma, wa meno. Wateja walioleta nguo walimkuta midomo ikicheza, wakadhani anasali.

Siku ya pili ya tamasha, mchana, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Dobi alikaa safu ya tatu, amevaa gauni lake la kijani la kuendea ibada. Chiriku na Kijiti walipanda jukwaani. Mwongozaji, kijana wa kundi la wageni, akauliza, “Tupeni kazi. Kazi yoyote.”

Watu wakapaza sauti. Polisi. Mpishi. Kinyozi. Katikati ya kelele zile Dobi akasimama.

“Ngojeni,” mwongozaji akasema kwa adabu. “Tumsikilize mama aliyesimama.”

Ukumbi ukanyamaza wote. Dobi hakuwa amejiandaa kwa ukimya ule.

“Da…” akasema. “Da… dak…”

Mkono wake wa kulia ukaanza kutembea hewani, mbele na nyuma, ukitafuta pasi. Vijana wa safu ya nyuma wakacheka. Mmoja akauliza, “Dada au dagaa?” Wengi wakacheka. Dobi akavuta pumzi, akaanza tena. “Dak… dak…”

Chiriku aliona mchezo wake unamponyoka. Shangazi alikuwa safu ya mbele, kalamu mkononi. Kicheko kilikuwa tayari kimeshajaa ukumbini, kinangoja mtu wa kukichukua. Pokea, halafu ongeza. Mkono wa Chiriku ukaanza kutembea hewani, mbele na nyuma.

“M-m-mimi ni do-dobi,” akasema, kwa sauti ile ile, kwa mdomo ule ule uliopinda kidogo upande wa kushoto.

Ukumbi ulilipuka.

Kijiti alijua mara moja ni nani anayeigwa. Alisogea karibu akasema, “Mama, sema polepole, nakusikia,” akijaribu kuupeleka mchezo kwingine. Chiriku hakumfuata. Alicheza dobi ambaye shati la mteja linaungua mbele yake, naye anataka kupiga kelele ya moto. “Mo… mo… mo…” Shati likaungua kola. “Mo… mo…” Likaungua mikono. Lilipotoka neno zima, shati lilikuwa majivu, na yule dobi akayakunja yale majivu vizuri akamkabidhi mteja. Watu walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Mtu mzima mmoja alishika nguzo ili asianguke.

Muda wote huo Dobi alikuwa amesimama. Aliambiwa asikae mpaka neno lipokelewe, na neno lake halikuwa limepokelewa. Alibaki wima katika gauni lake la kijani, watu wakigeuka kumtazama yeye, kisha jukwaa, kisha yeye tena, hadi makofi yalipokwisha.

Nyuma ya jukwaa Shangazi alimuuliza Chiriku, “Yule mama aliyesimama, unamjua?”

“Simjui, Shangazi.”

“Una hakika?”

“Ni mtazamaji tu.”

Shangazi alimwangalia juu ya miwani. “Una macho makali ya kuiga,” akasema. “Kesho alasiri utasimama na sisi. Uwahi asubuhi kwa mazoezi.”

Kijiti alikuwa pale na alisikia yote. Aliinama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Jioni mama yake Chiriku alirudi kutoka zahanati akiwa na furaha, maana njiani watu walikuwa wamempongeza. “Wanasema umevunja watu mbavu. Ulicheza nini?”

“Dobi,” Chiriku akajibu, macho chini.

Mama yake alikuwa amevua kiatu kimoja. Alibaki na cha pili mguuni. “Dobi gani?”

Chiriku akageuza macho kuelekea chumba cha tatu. Mama akatoka, akabisha mlango wa chumba cha tatu. Taa ilikuwa inawaka ndani na mlango haukufunguliwa. Akarudi, akapakua chakula, akakila bila kumsemesha mwanawe.

Asubuhi Chiriku aliamka mapema kwenda mazoezini. Kwenye bomba la uani aliwakuta watoto wadogo wa nyumba ile na nyumba ya jirani, wa miaka sita na saba. Kila mmoja alikuwa na jiwe mkononi, analisukuma juu ya ukingo wa saruji, mbele na nyuma.

“Mo-mo-mo-moto!”

“Hapana, wewe hukupindisha mdomo.”

“Chiriku, tuamulie. Nani amepatia?”

“Acheni,” Chiriku akasema.

“A-a-acheni,” mdogo kuliko wote akamjibu, na wenzake wakaanguka kwa kicheko.

Dobi akatoka na ndoo. Watoto hawakunyamaza. Mmoja alimwendea na jiwe lake, akamuuliza kwa kigugumizi kama nguo za kwao ziko tayari. Hakuwa na chuki. Aliona huo ndio mchezo wa mtaani sasa. Dobi akatikisa kichwa kukubali. Akajaza ndoo, akapita. Kwa Chiriku hakuangalia kabisa. Miaka yote ile alikuwa na maneno machache, na sasa hata hayo machache alikuwa ameyaacha chumbani.

Chiriku alikwenda ukumbini. Aliwakuta Shangazi na Fundi wakipanga viti. Alisimama mbele yao.

“Yule mama ni jirani yetu,” akasema. “Ndiye anayenipigia pasi sare. Mimi ndiye niliyemwambia asimame. Neno tulilipanga.”

Fundi aliweka kiti chini.

“Jana ulisema humjui,” Shangazi akasema.

“Nilidanganya.”

“Wenzako walikuja na neno la kupanga?”

“Hapana. Mimi tu. Niliogopa kukwama.”

Shangazi akakaa, akamwacha Chiriku amesimama. “Fundi wenu amewafundisha kupokea na kuongeza. Kanuni nzuri. Sasa niambie, yule mama alikupa nini?”

“Neno.”

“Alikupa neno. Kigugumizi hakukupa. Kile ulikichukua mwenyewe, kutoka kwa mtu aliyekuwa amesimama kwa ajili yako. Na angalia kilianzia wapi. Ulianza na uongo mdogo, wa neno la kupanga. Uongo huo ndio uliomwinua kwenye kiti chake. Ungepanda jukwaani bila kitu kama wenzako, hata ukakwama, hata ukachekwa, yeye angekuwa amekaa salama anakupigia makofi. Mtu akikwepa aibu yake kwa udanganyifu, aibu hiyo haipotei. Anabebeshwa mtu mwingine. Na mimi nilikuchagua kwa macho yako, nikasahau kuuliza unayatumia kumfanya nini mtu. Hilo ni kosa langu, nalo nitalisema mbele ya watu.”

“Nafasi yangu?”

“Ni ya Kijiti. Yeye jana ndiye pekee aliyemsikiliza yule mama.”

Chiriku alilia. Hakuna aliyembembeleza. Fundi alimpa kitambaa cha kufutia viti, naye akafuta uso, kisha akafuta viti.

Alasiri, kabla ya onyesho la kufunga, Shangazi alisimama akasema kosa lake kwa maneno machache, kisha akampisha Chiriku. Ukumbi ulikuwa umejaa kama jana, na watu walipomwona wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo.

“Jana nilidanganya,” akaanza. “Yule mama ni jirani yangu. Nilimwomba…”

“Do-do-dobi!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

“Nilimwomba aseme neno, halafu nika…”

“Ni-ni-nika!”

Wakacheka tena. Chiriku akamgeukia Shangazi, akitumaini angewanyamazisha. Shangazi alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, anangoja. Fundi naye alingoja. Chiriku akaelewa kwamba itabidi amalize mwenyewe, kicheko kikiwepo.

“Nikaiga kigugumizi chake nyinyi mkicheka, naye amesimama kwa sababu mimi nilimwambia asikae. Kisha nikasema simjui. Naomba radhi kwake. Na watoto wanaomwiga wamejifunza kwangu, kwa hiyo naomba waache.”

Baadhi walinyamaza. Baadhi hawakunyamaza. Akashuka jukwaani akipita katikati ya sauti zao.

Katika chumba kidogo cha nyuma Kijiti alikuwa anavaa koti la kuigizia. Kwenye mlango wa pembeni alisimama Dobi, mavazi ya wageni yamelala mkononi mwake, yamenyooka hayana hata kunyanzi. Kazi ile alikuwa amepewa na Fundi kabla ya tamasha, naye alikuwa ameileta kwa wakati. Mlango huo ulifunguka upande wa jukwaa, kwa hiyo alikuwa amesikia kila kitu.

Chiriku akamwendea, akapiga magoti. “Nisamehe, mama. Nilikutumia, nikakucheka, nikakukana.”

Dobi akatundika vazi la kwanza kwenye msumari. Akatundika la pili. Akafungua mdomo, neno likakwama. Kijiti alitaka kumsaidia kulimalizia, lakini Fundi akamshika bega, na wote wakangoja.

“Ni… nimekusamehe,” Dobi akasema. “Jana, kwenye sala. Ku-kusamehe nimemaliza.”

Akatundika vazi la mwisho, akalinyoosha kola kwa kidole.

“Ku… kuumia bado.”

Akachukua kikapu chake kitupu, akampita Chiriku pale alipopiga magoti, akatoka bila kuongeza neno.